Kutibu nanosilika kwa silani kabla ya kuitia kwenye rangi ya epoksi

Nanosilika ni poda ya silika yenye chembe ndogo mno. Ikiwa ghafi hupenda maji kwa sababu uso wake umejaa hidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni). Ukiitia ilivyo kwenye epoksi, chembe huganda mabonge, na maji hupata njia ya kupita pembeni mwa bonge hadi kwenye chuma. Tiba ni silani (kemikali ya kuunganisha) yenye kichwa cha epoksi, iitwayo kwa kifupi GPTMS, ambayo upande mmoja hushika silika na mwingine huungana na hadina, yaani kigumisha cha epoksi.

1. Kausha gramu 10 za silika kwa nyuzi 110 kwa saa 2, ili unachopima kiwe silika na si unyevu.

2. Piga hesabu ya silani. Silika yenye uso wa mita za mraba 200 kwa gramu, kwa gramu 10 ina jumla ya mita za mraba 2,000. Gramu 1 ya GPTMS hufunika takriban 330. Basi gramu 6. Wengi hukosea hapa kwa kukadiria kwa jicho.

3. Changanya etanoli mililita 285 na maji 15, dondoshea asidi ya siki hadi pH 5. Tia silani huku ukikoroga, subiri dakika 15. Mchanganyiko ubaki angavu. Ukiwa kama maziwa, silani imeshaungana yenyewe kwa yenyewe. Mwaga, anza upya. Hapa hutoka methanoli, kwa hiyo fanyia penye hewa, mbali na moto.

4. Tia silika (vaa barakoa, poda hii hupeperuka kwa pumzi tu), koroga saa 2. Chuja, osha kwa etanoli mara mbili, kausha kwa nyuzi 110 kwa saa 1. Usiruke kuosha: silani isiyoshika hubaki ndani ya rangi na kuilainisha.

5. Sambaza gramu 2 kwa kila gramu 100 za epoksi kabla ya hadina, chombo kikiwa kwenye barafu. Ukizidisha sana, rangi huwa nzito na hushika mapovu.

6. Mimina vipande vitatu vya unene sawa: bila silika, silika ghafi, silika iliyotibiwa. Vikishakauka kabisa, pima uzito, zamisha majini, pima tena baada ya saa 24 na siku 7, ukifuta maji ya juu kwanza; uzito ulioongezeka ni maji yaliyoingia.

Usihukumu kwa kunyunyiza poda majini. Iliyotibiwa kwa silani ya mkia wa mafuta huelea vizuri, lakini haiungani na hadina. Ya GPTMS huenda ikazama, na hilo si kasoro.