Kabla hujanunua boksi jipya la breka, fungua mlango wake dukani

Lile boksi la kahawia lenye fyuzi za kufunga waya limeshakula chumvi ya kutosha. Ubaya wake unajulikana: fyuzi ikiungua usiku, mtu huokota waya wowote ulio karibu, anausokota, taa zinarudi, na tangu hapo hakuna ajuaye kama pale pana ulinzi wa ampea 5 au 30. Liondoe, uweke boksi la breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Ila ukifika Kariakoo muuzaji atakuuliza swali moja tu, "Njia ngapi?", na usipokuwa na jibu atakuchagulia yeye.

Basi hesabu saketi zako, yaani laini zinazotoka kwenye boksi kila moja na breka yake, ukiwa nyumbani. Taa za ndani, taa za nje, soketi za vyumbani, soketi za jikoni, friji, hita ya maji, pampu, jiko, na kila kiyoyozi na yake. Ongeza nafasi mbili au tatu za akiba. Kisha ujue kwamba kampuni hazihesabu sawa. Meni swichi hula nafasi mbili, na RCCB, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, hula mbili nyingine. Boksi la "njia 12" la kampuni moja lina nafasi 12 za breka za saketi. La nyingine 12 ni jumla ya kila kitu, ukitoa hizo nne unabakiwa na 8. Fungua mlango uhesabu kwa kidole.

Breka hufuata waya ulio ukutani. Haifuati kifaa unachotaka kuchomeka. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 kwa soketi, 20. Ikiwa ni ringi ambayo ncha zake zote mbili zinarudi kwenye boksi, 32. Jiko lenye waya wa 6, breka 32. Herufi iliyo mbele ya ampea nayo isome: B hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, C mara 5 hadi 10. Taa na soketi zinatoshwa na B. Pampu na viyoyozi huvuta umeme mwingi vinapowaka, vipe C. D si ya nyumbani. Tafuta pia kisanduku kidogo chenye 6000 usoni mwa breka. Hizo ni ampea za shoti inazoweza kukata bila kupasuka. Ubavuni pawe na IEC 60898, kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani. Breka isiyo na maandishi hayo irudishe kwenye rafu.

Sasa majina. Watu hubishana Schneider, Hager, ABB, Legrand, Chint, Havells, Tronic, kama Simba na Yanga. Swali lenye faida ni jingine: breka ya kuongeza au ya kubadilisha, ya aina hiyohiyo, itapatikana mji unaoishi? Kama uko Tunduma na vipuri vyake viko Dar peke yake, siku moja fundi atapachika breka ya kampuni nyingine. Itaingia vizuri kwenye reli, ule ukanda wa chuma breka zinapokalia, maana reli ni ya milimita 35 kwa wote, na mfuniko utafunga. Hapo ndipo nyumba huungua.

Fuatilia kinachotokea ndani. Chini ya breka hupita basiba, kile kipande cha shaba chenye meno kinachogawa umeme kwa breka zote. Jino la basiba hutakiwa kuingia ndani ya kikombe cha breka, yaani tundu lake la kubania, skrubu ikilibana. Kila kampuni huweka kikombe kwa kimo na kina chake. Breka ngeni ikiwa na kikombe kilichopanda milimita mbili tatu, jino hupita nyuma yake. Fundi anakaza, bisibisi inagoma, anaridhika. Kumbe skrubu imebana hewa na jino limeegemea tu. Taa tatu haziwezi kukufichulia hilo. Washa hita ya kilowati 3, ampea kama 13, na pale palipoegemea panaanza kupata joto. Shaba inaota weusi, weusi unazuia umeme, joto linazidi. Breka za kawaida hupima mzigo kwa joto, kwa hiyo hiyo breka ya 20 itaanza kukata ikiwa na 13. Mwenye nyumba anasema breka ni dhaifu. Fundi anaweka ya 32. Sasa waya wa 2.5 hauna mlinzi, na jino bado limeegemea. Harufu ya plastiki inayoungua hufika ukiwa umechelewa. Uingereza, baada ya moto kuanza mara kwa mara kwenye viungo vilivyolegea ndani ya maboksi ya plastiki, waliamua kuanzia Januari 2016 maboksi mapya ya nyumbani yawe ya chuma au kitu kisichoshika moto.

Kwa hiyo nunua boksi, basiba, meni swichi, RCCB na breka za familia moja. Jina la kampuni pekee halitoshi: Schneider wenyewe wana familia ya Acti9 na ya Easy9. Nunua breka mbili za ziada siku hiyohiyo, uziweke kabatini.

RCCB ya miliampea 30 usiikwepe kwa sababu ya bei. Tuseme ethi rodi yako, ile nondo iliyozikwa ardhini, ina ukinzani wa omu 20: laivu ikigusa bati la friji, volti 230 zitapitisha ampea 11.5 tu, na breka ya 16 itakaa kimya huku friji ikimsubiri mtoto. RCCB itakata. Lakini haizuii mzigo kuzidi, kwa hiyo ampea zake zisiwe pungufu ya breka iliyo kabla yake, upande umeme unakoingilia. Ikianza kukata siku ya kwanza, mara nyingi nyutro ya saketi isiyopita humo imechanganywa na zinazopita, au nyutro na ethi vimegusana kwenye soketi fulani. Itafutwe. Fundi akikuambia "tuiruke tu", mlipe alichofanya umtafute mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Kenya ni EPRA.

Feki zipo: chapa inayofutika kwa kucha, breka nyepesi kuliko mwenzake, skrubu inayozunguka bila kushika. Dai risiti.

Siku ya kufunga, sili ya mita usiiguse, waite TANESCO wazime. Nyaya za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya kahawia na bluu; zikichanganyika, pima kwa tesita kila moja. Skrubu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye breka. Andika jina la kila saketi. Bonyeza kitufe cha T, cha kuijaribu RCCB, kila baada ya miezi sita. Usifunge boksi juu ya sinki, wala kabatini nyuma ya nguo, na pwani usiliache nje likila chumvi. Nafasi zisizo na breka zizibwe kwa vifuniko vyake, maana mijusi hupenda joto la mle ndani, na vidole vya watoto hufika popote.