Namna ya Kuandaa Somo la Historia na Imani ya Wabaptisti wa Myanmar

Mwalimu wa chuo cha Biblia, au kiongozi wa darasa la watu wazima kanisani, anayetaka kufundisha habari za Wabaptisti wa Myanmar hukabiliwa na kishawishi kimoja tangu mwanzo: kulifanya somo zima kuwa wasifu wa Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani aliyefika Rangoon (leo Yangon) mwezi Julai 1813 pamoja na mkewe Ann. Wasifu huo unavutia kweli, lakini ukiachwa utawale, wanafunzi watatoka darasani wakimjua Judson na wasijue kwa nini Wabaptisti wengi wa nchi hiyo si Wabama, kabila kubwa ambalo yeye alilihubiria karibu maisha yake yote, bali ni Wakaren, Wakachin na Wachin. Swali hilo ndilo linalofaa kuwa uti wa mgongo wa somo, na kila tukio litakaloingizwa lisaidie kulijibu.

Kwa hiyo anza na ramani. Onyesha tambarare ya katikati wanakoishi Wabama, kisha milima inayoizunguka: Wachin upande wa magharibi kuelekea India, Wakachin kaskazini mpakani mwa China, na Wakaren kuanzia delta ya mto Irrawaddy hadi mpaka wa Thailand. Ramani hiyo ibaki ubaoni hadi mwisho, kwa sababu historia ya dhehebu hili imefuata milima kuliko ilivyofuata miji.

Baada ya ramani, fundisha imani kabla ya historia, maana kwa Judson imani ndiyo iliyogeuza mkondo wa mambo. Alipoondoka Marekani Februari 1812 alikuwa Mkongregesheni, yaani mtu wa kanisa linalobatiza watoto wachanga. Akiwa melini alianza kuchunguza Agano Jipya kuhusu ubatizo, akijua kwamba huko India angekutana na Wabaptisti Waingereza wa William Carey, na alipofika alikuwa karibu kusadiki kwamba anayestahili kubatizwa ni yule aliyeamini mwenyewe, tena kwa kuzamishwa majini. Septemba mwaka huohuo yeye na Ann walibatizwa Calcutta. Hatua hiyo iliwatenga na chama kilichowatuma. Mwenzao Luther Rice, aliyebadilika vilevile, akarudi Marekani kuwatafutia wafadhili, na mwaka 1814 Wabaptisti wa huko wakaunda chombo cha kitaifa cha umisheni. Chombo hicho kiligawanyika mwaka 1845 kwa sababu ya utumwa, na umisheni wa Burma, kama Myanmar ilivyoitwa zamani, ukabaki kwa watu wa kaskazini, ambao mwaka 1884 walipokea pia kazi ya umisheni katika Congo ya chini. Msomaji wa Congo ana undugu wa aina fulani na habari hizi.

Kutoka hapo mafundisho mengine yanaelezeka kwa urahisi. Biblia ndiyo mamlaka ya mwisho katika imani na mwenendo. Meza ya Bwana ni ukumbusho. Kila mwamini ni kuhani mbele za Mungu, na kila ushirika hujiongoza wenyewe, huchagua mchungaji wake na kushirikiana na wengine kwa hiari. Serikali haina haki ya kuitawala dhamiri ya mtu. Fundisho hili la mwisho halikuwa nadharia tupu nchini Burma, kwa maana chini ya wafalme mtu aliyeacha dini ya Buddha alihatarisha uhai wake. Maung Naw, Mbama wa kwanza kubatizwa, alizamishwa tarehe 27 Juni 1819 katika bwawa la Rangoon lililokuwa na sanamu kubwa ya Buddha ukingoni. Mwaka uliofuata Judson alikwenda kumwomba mfalme Bagyidaw uhuru wa kuabudu. Mfalme alisoma maneno ya kwanza ya kijitabu alichopewa, yaliyosema kuwa Mungu wa milele ni mmoja, akakiangusha chini.

Simulia kwa ufupi kifungo cha Judson wakati wa vita vya Uingereza na Burma vya 1824 hadi 1826, lakini usiache kisa cha mto wa kulalia. Ann alishonea ndani yake mswada wa tafsiri ya Agano Jipya, akaufanya mgumu ili asipatikane mtu wa kuutamani. Wafungwa walipohamishwa, mto ulitupwa. Maung Ing, mmoja wa waumini, akauokota kama kumbukumbu ya mwalimu wake, na miezi kadhaa baadaye mswada ukakutwa mzima. Biblia nzima ya Kiburma ilikamilika 1834.

Sasa rudi kwenye milima, na hapa usiwe na haraka. Ko Tha Byu alikuwa Mkaren aliyewahi kuwa jambazi na muuaji, akakombolewa kutoka utumwa wa deni, akafundishwa kusoma, na akabatizwa na mmisionari George Boardman katika mji wa kusini wa Tavoy mwezi Mei 1828. Tangu siku hizo hadi kifo chake mwaka 1840 alizunguka vijijini kuhubiri, naye ndiye anayestahili nafasi ambayo masomo mengi humpa Judson. Wasikilizaji wake walikuwa na mapokeo ya Y'wa, muumba, na ya kitabu kilichopotea ambacho ndugu mweupe angekirudisha siku moja. Hata hivyo, mwalimu asiridhike na mapokeo hayo peke yake kama sababu ya Wakaren kuamini. Wakaren walikuwa wameonewa na watawala wa Kibama, na wamisionari waliwaletea maandishi ya lugha yao pamoja na shule, ilhali kwa Mbama kuacha Ubuddha kulionekana kama kuacha kuwa Mbama. Wala usiseme kwamba Wakaren ni Wakristo. Wengi wao hadi leo ni Wabuddha.

Wakachin na Wachin wanaweza kupitiwa kwa haraka, ila jambo moja lisisahaulike: wainjilisti wa Kikaren walitangulia kwa Wakachin katika miaka ya 1870, na ubatizo wa kwanza ukafanyika 1882. Kwa Wachin, Arthur na Laura Carson walifika mji wa Hakha mwaka 1899.

Eleza kisha kwamba Mkutano Mkuu wa Wabaptisti, ulioanzishwa 1865, hauna askofu wala makao yanayotoa amri. Ni muungano wa mikutano ya jamii mbalimbali, kila moja na lugha yake. Muundo huo ulionyesha faida yake mwaka 1966, serikali ya kijeshi ya Ne Win ilipowaondoa wamisionari wa kigeni, baada ya shule za makanisa kutaifishwa. Uongozi ulikuwa tayari mikononi mwa wenyeji, wachungaji wakaendelea kufundishwa katika chuo cha theolojia cha Insein, Yangon, na waumini leo ni zaidi ya milioni 1.

Kwa kipindi cha baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021, taja matukio yenye tarehe na mahali. Septemba mwaka huo mchungaji wa Kibaptisti alipigwa risasi na kufa mjini Thantlang, jimbo la Chin, alipokuwa akienda kuzima moto wa nyumba. Hkalam Samson, aliyewahi kuongoza Wabaptisti wa Kachin, alikamatwa Desemba 2022 na kuhukumiwa miaka 6 jela mwezi Aprili 2023, kisha akaachiwa 2024. Wanafunzi wakiuliza kwa nini viongozi wa kanisa waliingizwa katika siasa, warudishe kwenye ramani: katika majimbo hayo kanisa na jamii ni watu walewale.