Mafuta gani yanakushibisha kweli? Jipime mwenyewe asubuhi tatu

Watu ninaowasaidia kupunguza uzito karibu wote wana swali moja, nimekula maandazi mawili na chai ya maziwa saa moja, saa nne tumbo linaunguruma kama sijala, si mnasema mafuta yanashibisha? Yanashibisha ndio, ila kwa kuchelewa, na inategemea yameingia na nani. Fanya hivi.

Hatua ya 1: jua unakula kiasi gani

Usikadirie kwa macho. Fungua lita moja ya alizeti, andika tarehe kwenye chupa kwa makapeni, yakiisha piga hesabu. Lita ina kama kalori 8,200, so nyumba ya watu wanne wakiimaliza kwa wiki kila mmoja kapata karibu 290 kwa siku, na hapo ni ya kupikia tu, hujahesabu nyama wala karanga. Kijiko kimoja cha chakula ni kama 120 na tumbo wala halishtuki, kimepita hivyo.

Hatua ya 2: yape muda

Shibe ya mafuta haianzii tumboni, inaanza yakishafika utumbo mwembamba, pale ndo inatoka homoni inaitwa CCK, inaliambia tumbo lisimwage chakula haraka na ubongo nao unapata taarifa kwamba imetosha. Homoni hiyohiyo ndo inakamua kifuko cha nyongo, kwahiyo kama una mawe kwenye nyongo au unachoma insulini ongea na daktari wako kwanza kabla hujanisikiliza mimi. Sasa mtu anayefuta sahani ya chipsi mayai kwa dakika saba, taarifa inafika ameshalipa anaondoka. Kula nusu, piga stori kama dakika 20 hivi, halafu ndo uamue kama unaendelea.

Hatua ya 3: asubuhi tatu

Saa ileile, chai ileile. Siku ya kwanza maandazi mawili. Ya pili muhogo wa kuchemsha na karanga za kukaanga kiganja kimoja, uzitafune kweli usimeze meze. Ya tatu mayai mawili ya kuchemsha, nusu parachichi na kipande cha kiazi kitamu. Kila siku andika saa njaa iliporudi. Njaa nayo uipime, jiulize hivi sasa hivi ningeletewa ugali na maharage ambayo hayajaungwa ningekula? Kama ndio, hiyo njaa. Kama unataka sambusa tu, hiyo hamu, usiiandike.

Wengi maandazi ndo yanaanguka mapema, na wanashangaa maana karanga zina mafuta kuliko andazi, karibu nusu ya uzito wake. Ila karanga zina protini, zina nyuzinyuzi, na sehemu ya mafuta inabaki imefungiwa ndani ya vipande ambavyo meno hayakuvisaga, inatoka nayo chooni. Andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta, linateleza tu. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake kule Sydney waliwapa watu vyakula 38 vyenye nishati sawa wakawauliza wameshiba kiasi gani, mkate mweupe wakauweka kuwa 100, viazi vya kuchemsha vikapata 323 na kruasani, ule mkate wa Kifaransa uliojaa siagi, ukaambulia 47, wa mwisho kabisa.

Hatua ya 4: usigombanie aina ya mafuta

Hapa ndo watu wanapigwa hela. Mafuta ya zeituni na parachichi yana asidi ya oleiki, utumbo unaitumia kutengeneza kitu ambacho kwa panya kinachelewesha mlo unaofuata, ila kwa binadamu ukilinganisha mafuta kwa mafuta kwenye chakula kilekile tofauti ni ndogo na tafiti zenyewe zinapingana. Mafuta ya nazi nayo yanauzwa bei mbaya eti yanakata njaa, sifa hizo zimeazimwa kwenye mafuta yanaitwa MCT, yanachujwa kiwandani, yenye minyororo ya urefu wa kati inayokimbilia ini moja kwa moja, wakati mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki ambayo haina haraka hiyo. Mi mtu wa Tanga, wali wa nazi siachi, ila nakula kwa utamu wake bana. Na ukitoa samli ukaweka alizeti kolesteroli itakushukuru, njaa haitajua kama umebadilisha.

Hatua ya 5: hamisha

Mboga ya watu wanne iunge kwa vijiko viwili badala ya kumimina, ulichookoa kipeleke kwenye karanga, dagaa au yai. Baada ya wiki mbili rudia ile asubuhi ya kwanza, ila andazi moja na yai la kuchemsha. Mama mmoja ninayemfuatilia njaa yake ilitoka saa nne ikasogea hadi saa sita kasoro, andazi lake hajaacha.