Kabla Hujamwamini Mganga: Cha Kumuuliza na Cha Kumwangalia

Anayejiita mganga, nabii, mtumishi au mtaalamu wa nyota usibishane naye kuhusu nguvu zake. Mabishano hayo hayana mwisho, na yeye ameyazoea kuliko wewe. Mbane kwenye mambo yanayoweza kuhakikiwa: jina lake, aliyemfundisha, anachokupa unywe, pesa anazodai, na mwenendo wake mlango ukishafungwa.

Jina na vyeti

Anza na jina la kwenye kitambulisho. Jina la kazi halitoshi, maana hubadilishwa kila anapohama mji. Muulize kwa adabu: "Samahani mtaalamu, kabla hatujaanza naomba jina lako kamili, na ulikokuwa ukifanyia kazi kabla ya hapa." Kisha litafute jina hilo mtandaoni pamoja na maneno kama "kesi", "mahakama" na "tapeli". Ukiweza, ongea na watu wa mahali alipotoka.

Vyeti vilivyotundikwa ukutani visome kimoja kimoja. Leseni ya biashara inaonyesha tu kwamba amepewa ruhusa ya kufanya biashara. Haisemi lolote kuhusu uwezo wa kuponya. Kadi ya chama mara nyingi hupatikana kwa kulipa ada. Cheti chenye uzito ni usajili wa mtoa tiba kutoka mamlaka ya afya, penye sheria ya namna hiyo, na usajili huo una namba. Nakili namba, jina na tarehe, kisha piga simu kwenye mamlaka yenyewe. Namba ya simu itafute mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye cheti inaweza kupokelewa na mwenzake. Hata huo usajili unathibitisha tu kwamba anajulikana, haumaanishi kila anachodai kutibu anakitibu.

Akisema hana cheti kwa sababu alioteshwa au aliitwa, sawa, lakini swali linabaki: nani anaweza kumwajibisha? Mganga wa jadi kwa kawaida ana mkubwa aliyemfunza. Mchungaji ana kanisa lililomsimika, na sheikh anajulikana na wenzake. Omba jina la mtu huyo uongee naye. Asiye na wa kumkemea popote, achana naye hata kama maneno yake ni matamu.

Anapokwambia habari zako

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, akiwaambia kila mmoja kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Wote walipewa maelezo yaleyale, na kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa ukweli. "Una kipaji ambacho hujakitumia", "kuna mtu wa karibu asiyekutakia mema": nani hataitikia?

Kuna pia habari zinazokusanywa kabla hujaingia. Mtu mkarimu anayekuuliza shida yako kwenye benchi la kusubiria anaweza kuwa mfanyakazi wa hapo. Fomu uliyojaza inasomwa. Hata namba ya simu uliyopiga kuomba miadi huweza kutoa jina lako kamili kupitia huduma ya kutuma pesa, na jina likipatikana, picha za familia yako zipo mitandaoni. Mwaka 1986 mwanamazingaombwe James Randi alimfichua mhubiri Peter Popoff wa Marekani, aliyekuwa akiwataja watu kwa majina na magonjwa yao mkutanoni. Mke wake alikuwa akimsomea yaliyoandikwa kwenye kadi za maombi kupitia kidude cha redio sikioni, kwenye masafa ya megahezi 39.17.

Kwa hiyo weka miadi kwa simu isiyo yako, usimweleze mtu shida yako foleni, na ukiingia kaa kimya: "Naomba wewe ndiye unieleze." Usitikise kichwa. Mwenzako aandike kila kauli, za kweli na za uongo, kwa sababu akili hukumbuka zile zilizogonga na kusahau nyingine. Kisha muulize kuhusu mtu asiyekuwepo: "Kaka yangu mkubwa anahusika?", ilhali huna kaka. Anayeona kweli atakwambia huna. Anayebahatisha ataanza kumwelezea.

Miujiza ya mezani ipime kwa vifaa vyako. Manjano ikikutana na chokaa au magadi hugeuka nyekundu kama damu. Pamanganeti, kemikali ya rangi ya zambarau, ikidondoshewa gliserini huwaka yenyewe baada ya sekunde chache, bila kiberiti. Nenda na yai lako, maji yako na bakuli lako, usiviache mkononi mwa mtu hata dakika moja, na omba jambo lirudiwe palepale. Akisema mizimu imekataa kwa sababu una mashaka, jaribio limekwisha na jibu umelipata.

Shuhuda

Mtu anayesema amepona anaweza kuwa mkweli kabisa na bado mganga asihusike. Maumivu ya mgongo, vidonda vya tumbo, pumu na magonjwa ya ngozi hupanda na kushuka, na watu huenda kwa mganga yanapokuwa yamepanda kabisa; nafuu inayofuata huenda ingekuja tu. Muulize mwenye ushuhuda: nani alipima ugonjwa huo, kwa kipimo gani? Alipimwa tena baadaye? Alikuwa akitumia dawa za hospitali wakati huohuo? Ni muda gani umepita? Ushuhuda usio na vipimo viwili, kabla na baada, usiutegemee.

Dawa anazokupa

Uliza majina ya mimea, kipimo, muda wa kutumia, na nani hapaswi kuitumia. Jibu la "ni siri ya ukoo" lisikutoshe. Hiki ni kitu kinachoingia mwilini mwako. Unga unaoondoa maumivu na kuleta hamu ya kula ndani ya siku chache unaweza kuwa umechanganywa na dawa za kundi la steroidi, kama deksamethasoni. Zikitumika muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na sukari, na kuziacha ghafla kunaweza kuwa hatari, hivyo aliyekwisha kuzizoea amwone daktari kwanza. Dawa za "nguvu za kiume" nazo zimekutwa mara nyingi na sildenafili, kiambato cha Viagra, ambayo kwa mtu anayetumia dawa za moyo za naitreti huweza kushusha shinikizo la damu hadi kuua. Bakiza kijiko kimoja au viwili kwenye chupa safi yenye tarehe. Ukizidiwa, hospitali itajua pa kuanzia.

Akikwambia uache dawa za hospitali, simama uondoke. Virusi vya UKIMWI kwa kawaida hurudi kuongezeka ndani ya wiki chache ARV zikiachwa. Dawa za kifua kikuu zikikatizwa huweza kuzaa usugu. Mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwaka 2007 rais wa Gambia wakati huo, Yahya Jammeh, alitangaza kwamba anatibu UKIMWI kwa mitishamba na kuwataka wagonjwa wake waache ARV, wapo waliofariki. Degedege, homa kali, kupoteza fahamu na kuchanganyikiwa ghafla havisubiri maombezi wala ramli. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Pesa

Uliza: "Jumla ni kiasi gani mpaka mwisho, na isipofaa inakuwaje?" Iandikwe. Mtego wa kawaida huanza na ada ndogo, kisha jini linagoma, kisha kafara kubwa zaidi. Kila malipo hufanya kuacha kuwe kugumu zaidi, kwa kuwa mtu hataki kukubali kwamba vya mwanzo vimepotea. Nenda na kiasi ulichokusudia tu, na simu yenye pesa iache nyumbani. Akikutisha kwamba ukikatiza utakufa, huyo hatibu, anatisha kwa faida. Mjibu kwa ufupi, "Asante, nimeamua kuishia hapa," na usipokee simu zake tena.

Akimtaja mtu

Sema mapema: "Sitaki kutajiwa aliyeniroga." Jina la shangazi au jirani likishatoka mdomoni mwa mganga halirudi, na wanawake wazee wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Akikutajia, usilipeleke nyumbani, na ukisikia kwamba wengine wamelichukua na kuna watu wanaopanga kisasi, toa taarifa polisi bila kungoja.

Mlango ukifungwa

Msindikizaji aingie nawe na abaki ndani. Mtoto asiachwe peke yake hata kwa dakika moja. Hakuna tiba inayohitaji ngono, wala kuvuliwa nguo na mganga, wala kupigwa, kufungwa kamba au kushindishwa njaa. João Teixeira de Faria, mganga wa Brazil aliyejulikana dunia nzima na kutembelewa na watu mashuhuri, alikamatwa Desemba 2018 baada ya mamia ya wanawake kumtuhumu, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka zaidi ya 19 kwa ubakaji. Umaarufu haukumlinda mwanamke hata mmoja.

Aliyetendewa hivyo aende hospitali ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado hutolewa, na mapema zaidi ni bora. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Jumbe za simu, risiti za malipo na sauti zilizorekodiwa zisifutwe, na nakala zipelekwe kwenye simu ya ndugu siku hiyohiyo.