Laptopu ya zamani, skrini ya QHD: anza na kebo

Mteja mmoja aliniletea ThinkPad X230 yake pamoja na skrini ya mtumba ya inchi 27. Maandishi yalikuwa na ukungu, kama gazeti lililoloa, na yeye alishaamua kwamba kauziwa skrini mbovu. Skrini ilikuwa nzima kabisa. Mchawi alikuwa kiadapta cha HDMI, kile kipande cha kuunganishia laptopu na kebo ya HDMI ya skrini, kilichokaa katikati.

Mashine za rika hilo bado ziko mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo nitaeleza kwa hiyohiyo X230 ya mwaka 2012.

1. Ijue mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Prosesa ikisomeka i5-3320M, ile 3 ya mwanzo ndiyo kizazi cha tatu cha Intel, na chipu yake ya picha ni HD 4000. Kikomo chake kwa skrini ya nje ni pikseli (nukta za picha) 2560 kwa 1600, mara 60 kwa sekunde. QHD, yaani 2560 kwa 1440, inaimudu. 4K, yaani 3840 kwa 2160, haiiwezi, hata muuza kebo akikuapia.

2. Tazama matundu. Yapo mawili: VGA, lile pana lenye sehemu za skrubu pembeni, na mini DisplayPort, tundu dogo la kutolea picha. VGA achana nalo.

3. Kebo. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Adapta rahisi za kutoka mini DisplayPort kwenda HDMI huishia pikseli 1920 kwa 1200. Skrini ya QHD ikiletewa 1920 kwa 1080 inabidi iivute picha ienee: kila pikseli tatu zienezwe kwenye nafasi ya pikseli nne. Herufi "i", ambayo mguu wake ni mstari mmoja mwembamba, inapakwa kwenye mistari miwili kwa rangi ya kijivu. Ndiyo ule ukungu.

Nunua kebo moja isiyo na kiungo katikati: ncha moja mini DisplayPort, nyingine DisplayPort ya kawaida. Mita mbili zinatosha.

4. Chomeka. Kwenye menyu ya skrini yenyewe chagua DisplayPort. Ikibaki nyeusi, tafuta humo humo kipengele cha DisplayPort 1.2 ukizime, maana X230 inazungumza toleo la 1.1. Kisha bonyeza Windows na P, uchague kupanua (Extend).

5. Panga picha. Bofya kulia sehemu tupu, ingia kwenye mipangilio ya skrini, gusa ile namba 2, weka 2560 kwa 1440. Ukiona mara 59 kwa sekunde badala ya 60, usihangaike. Kama 1440 haipo kwenye orodha na kebo ni sahihi, sakinisha draiva ya Intel ya HD 4000 (programu inayoiendesha chipu ya picha), maana mara nyingi Windows iliyowekwa upya huwa inatumia draiva yake ya kujishikiza.

Na kama umeshanunua 4K? Weka 1920 kwa 1080. Ni nusu kamili ya 3840 kwa 2160 kila upande, kwa hiyo pikseli moja inakaa juu ya nne bila kumegwa. Utapata maandishi makubwa, ila skrini nyingi zitakuonyesha safi kuliko ukilazimisha 1440.

Yule mteja aliondoka na kebo. Adapta yake bado iko kwenye droo langu, kwa projekta inatosha.