Deraya ya Mtoto kwa Katoni na Foili

Deraya, yaani vazi la vita, kamili ya chuma ya Ulaya ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25. Ya mtoto haitafika hata kilo 1 ukitumia katoni ngumu kutoka maduka ya jumla, kama yale ya Nyamakima, Nairobi. Mpime kifua na uongeze sentimita 5, kwani Julai ya Nairobi ina baridi na atavaa sweta ndani.

Kata dirii mbili, yaani vipande vya kukinga mwili, ya kifua na ya mgongo, kisha uzivute polepole kwenye ukingo wa meza, ukifuata mistari ya katoni, mpaka zilegee; ukizipinda kwa nguvu mara moja zitavunjika katikati, na kovu hilo halifichiki. Gundisha punje za ndengu kando ya kingo, ziache zikauke, ndipo upake gundi nyeupe na kulaza foili ya jikoni, ukiisugua kwa kitambaa: ndengu zitajitokeza kama vichwa vya ribiti, yaani misumari inayounganisha mabamba ya chuma. Mabegani na ubavuni funga kwa lastiki, ili mtoto ajivue mwenyewe anapokwenda msalani. Chapeo iache uso wazi. Kifuniko cha macho hupendeza pichani tu.