Sindano ya jicho: madhara ya kuvumilia na ya kukukimbiza hospitali

Mama ana kisukari na kimempiga kwenye makula, pale katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) panapokuwezesha kusoma meseji na kutambua sura za watu. Maji yamevuja pale, na nishampeleka kuchomwa sindano ya dawa ndani ya jicho mara saba sasa na kila tukikaa kwenye benchi hakosi mtu wa kuuliza, hivi hii sindano si ndo inapofusha? Basi ngoja niwaambie sisi tunapimaje.

Anza kutenganisha kero na hatari. Jicho kuchoma kama lina mchanga siku ileile mara nyingi ni ile iodini wanayosafishia kuua vijidudu, wala sio dawa yenyewe, waombe wasuuze vizuri. Damu kuvilia kwenye weupe wa jicho inatisha kweli, mama alirudi na jicho jekundu majirani wakadhani kapigwa, lakini inaisha yenyewe ndani ya wiki moja mbili na haigusi uwezo wa kuona. Viduara vyeusi vinavyocheza cheza mara nyingi ni vipovu vya hewa, vinaondoka siku moja mbili.

Sasa za kukimbia nazo: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ukungu unaongezeka, wekundu unapanda, mwanga unachoma. Hapo inaweza kuwa vijidudu vimeingia ndani ya jicho. Ni nadra, kama sindano 1 kati ya 2,000 au 3,000 hivi, ila mara nyingi inajitokeza wiki ya kwanza na inaweza kuua jicho haraka, usisubiri Jumatatu!! Ukiona vimulimuli kama radi au pazia jeusi pembeni ni vilevile, retina inaweza kuwa inabanduka.

Ila kumbuka hiyo hesabu ni ya kila sindano moja, na hizi hazichomwi mara moja, wengi wanaanza na tatu au zaidi, moja kila mwezi. Kwa hiyo muulize daktari akuonyeshe picha ya OCT, ile ya kupiga retina kama imekatwa, mlinganishe ya mwanzo na ya leo. Maji kwenye makula yamepungua? Basi hiyo hatari ndogo inafaa kuibeba. Hayajapungua kabisa baada ya sindano kadhaa, basi mjadili kubadili dawa, sio kuchoma tu kwa mazoea.

Kuhusu dawa, Avastin ndo ya bei nafuu, asili yake ni dawa ya kansa, na utafiti wa Marekani uliotoka 2011 ulionyesha inalinda uoni sawa na Lucentis, dawa nyingine ya sindano hizi, kwa wenye ugonjwa wa makula wa uzeeni. Shida yake ni kugawanywa kutoka chupa moja kwenda sindano nyingi, hapo vijidudu vinaweza kuingia. Uliza imegawiwa wapi na lini, usione aibu, siku moja mimi niliuliza nesi akaninunia na bado niliuliza tena. Na mpya sio lazima iwe salama zaidi, Beovu, nayo dawa ya sindano hizi, ilipitishwa Marekani 2019 halafu ikaonekana baadhi ya wagonjwa mishipa ya retina inavimba.

Kama umewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, hasa miezi ya karibuni, sema KABLA hujalala kitandani. Ujauzito pia. Presha ya jicho pia, maana ikishachomwa inapanda kwa muda.

Na kabla hamjatoka pale chukua namba inayopokelewa hata usiku, sisi tumeibandika kwenye friji.